Kinoo cha Nyumbani: Jinsi ya Kukichagua na Kukitunza

Mwezi huu twataka kunena habari ya kitu kidogo, ambacho nyumba nyingi hazikihesabu kuwa mali, nacho ni kinoo. Hapana nyumba isiyo na kisu, na nyumba nyingi zina panga na shoka pia. Walakini ukiuliza, "Kinoo chenu kiko wapi?" waonyeshwa kizingiti cha mlango, au pembe ya ngazi ya saruji, au jiwe lililookotwa njiani. Sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo, wala hatuoni haya kulikiri jambo hili, maana yaliyotupata ndiyo yaliyotufundisha.

Ilikuwa siku ya Jumamosi, kesho yake Pasaka. Mama wa nyumba yetu alikuwa akimenya mihogo kwa ajili ya wageni. Kisu kilikuwa butu, naye akakikaza kwa nguvu zake zote. Mara kikateleza juu ya ganda, kikamwingia mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada. Siku ile ya furaha tuliipitisha katika kufunga jeraha, na kwa muda wa majuma matatu hakuweza kushika jembe wala kufua nguo.

Mzee mmoja mhunzi, jirani yetu, alikuja kutupa pole. Tukamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu. Nioneni hicho kisu." Akakipokea, akapitisha kidole chake kukingama makali, taratibu, kisha akauliza, "Wakinoa juu ya nini?" Tukajibu, "Mzee, twakinoa pale kizingitini." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi kisu hiki hakikumkata mama kwa kuwa ni kikali. Kimemkata kwa kuwa kimekataa kukata muhogo."

Maneno yale yalituingia moyoni. Watu wengi hukiogopa kisu kikali na kukiona kile butu kuwa salama, hata humpa mtoto kisu butu achezee. Lakini kisu kikali huenda kinakopelekwa, tena kwa nguvu kidogo, na mkono waweza kukizuia upesi. Kisu butu chataka nguvu nyingi, na nguvu nyingi zikiponyoka hazizuiliki. Ndilo neno alilolinena Mhubiri katika sura ya 10, mstari wa 10, ya kwamba mtu asiyenoa chuma chake hana budi kuongeza nguvu, na afadhali hekima. Basi tangu siku ile tukaanza kuuliza na kujifunza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KUNOA NI NINI?

Makali ya kisu ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma hukutana. Kisu kikiwa kikali, zakutana katika mstari mwembamba sana, hata jicho haliuoni. Kisu kikifanya kazi, mstari ule huviringika, au huinama upande mmoja, au huvunjika vipande vidogo. Kazi ya kinoo ni kuzikwangua nyuso zile mbili mpaka zikutane tena. Kinoo hukwangua kwa chembe zake, na kila chembe ni kama patasi ndogo. Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: chembe za kinoo ziwe ngumu kuliko chuma.

Mtaalamu mmoja wa mawe, Friedrich Mohs, mnamo mwaka 1812 aliyapanga mawe katika daraja kumi za ugumu. Daraja ya 1 ni jiwe laini la talki, na daraja ya 10 ni almasi. Jiwe la chokaa safi li katika daraja ya 3. Kwatsi, yaani lile jiwe jeupe ambalo ndilo chembe nyingi za mchanga wa mtoni, li katika 7. Visu vyetu vya kawaida ni karibu ya 5 na nusu hata 6 na nusu. Basi msomaji aone mwenyewe: chembe ya mchanga yaweza kukwangua kisu, lakini jiwe la chokaa haliwezi.

Twalisema hili hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa pwani. Mawe ya matumbawe, ambayo kwayo nyumba nyingi za pwani zimejengwa, ni chokaa. Mtu aweza kusugua kisu juu ya tumbawe tangu alfajiri hata adhuhuri, akaona maji yamekuwa meupe, akadhani kazi yaendelea. La, linalolika ni jiwe, si kisu. Ukitaka kulijua jiwe la chokaa, likwaruze upate unga kidogo, kisha udondoshee unga ule maji ya ndimu au siki. Ukitoa mapovu, ni chokaa, nalo halikufai kwa kunolea.

MAWE YA ASILI

Wazee wetu walinoa kwa mawe ya mtoni, na walijua kuchagua. Lililo jema ni jiwe la mchanga ulioshikamana, lenye chembe za ukubwa mmoja. Likiwa na chembe kubwa katikati ya ndogo, chembe ile moja itachimba mfuo katika makali kila unapopitisha kisu. Lisugue kwa kidole gumba: likimwaga mchanga kama chumvi, ni laini mno, nalo litakwisha upesi. Likiwa limesuguliwa na maji mpaka linateleza kama yai, halishiki chuma. Lililo katikati ya hayo mawili ndilo utakalo. Kisha lijaribu kwa kisu kibovu, ukitia maji. Maji yakigeuka kuwa meusi, jua ya kuwa chuma chakwanguliwa.

Nchi nyingine zimepata sifa kwa mawe yao. Katika jimbo la Arkansas, Marekani, huchimbwa jiwe gumu ambalo karibu lote ni kwatsi, lenye chembe ndogo mno. Katika milima ya Ardennes, Ubelgiji, huchimbwa jiwe la rangi ya manjano, lenye chembe za vito vidogo visivyoonekana kwa macho, nalo lilipendwa sana na wanyozi kwa nyembe zao. Wajapani nao wana mawe yao ya kunolea kwa maji. Mawe hayo ni mazuri, lakini bei yake ni kubwa, na nyumba yetu haina haja nayo ili kukata mboga.

MAWE YALIYOTENGENEZWA

Vinoo vingi vinavyouzwa madukani havikuchimbwa, vilitengenezwa na watu. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja, Edward Acheson, alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza kitu kigumu mfano wa almasi. Alichanganya udongo wa mfinyanzi na unga wa makaa ya mawe yaliyochomwa, akaupasha moto kwa nguvu ya umeme. Almasi hakuipata, bali alipata chembe ndogo zing'aazo zilizoweza kukwaruza kioo. Akaziita karborundumu, na siku hizi hutengenezwa kwa mchanga na makaa. Ugumu wake wapita 9 katika daraja za Mohs. Chembe hizo hushikamanishwa pamoja na kuchomwa kama chungu, nazo huwa kinoo, ambacho kwa kawaida ni cheusi, au cha kijivu, au cha kijani.

Aina ya pili hutengenezwa kwa oksidi ya alumini, yenye ugumu wa 9, nayo mara nyingi huwa ya rangi ya hudhurungi au nyeupe. Karborundumu hukata chuma upesi, na ile nyingine huacha makali laini zaidi. Tena kuna vibao vya chuma vilivyobandikwa vumbi la almasi. Hivi hukata hata chuma kigumu sana, wala havibonyei, lakini vile vya bei ndogo mara nyingine hubanduka vumbi lake baada ya muda mfupi.

JINSI YA KUCHAGUA DUKANI

Mawe yaliyotengenezwa huandikwa namba. Namba ndogo ni chembe kubwa, na namba kubwa ni chembe ndogo. Watengenezaji hawafuati kipimo kimoja, kwa hiyo namba za mmoja hazilingani sawasawa na za mwingine, walakini zatosha kutuongoza. Kinoo cha namba 120 hata 400 ni cha kukwaruza: chafaa panga, jembe, shoka, na kisu chenye mapengo. Cha namba 800 hata 1200 ni cha kazi ya kila siku ya jikoni. Cha namba 3000 na kuendelea ni cha kulainisha makali, kama ya wembe wa mnyozi.

Wengi wetu hukosea hapa. Mtu huingia dukani, akashika kinoo kinachokwaruza kuliko vyote, akasema, "Hiki ndicho kikali." Kweli chakata upesi, lakini huacha makali yenye meno kama msumeno, ambayo baada ya kazi kidogo hukatika, na kisu hurudi kuwa butu. Kisha hunoa tena, na tena, na katika mwaka mmoja kisu kimeliwa nusu. Mwingine hununua kile laini kuliko vyote, akasugua kisu chenye mapengo kwa siku mbili, asione badiliko lo lote, akakitupa. Haki ya kila kinoo ni kazi yake.

Kwa nyumba yenye fedha chache shauri letu ni moja: nunua kinoo kimoja chenye nyuso mbili, upande mmoja wa kukwaruza na upande wa pili wa kulainisha. Kama namba zimeandikwa, 400 na 1000 hutosha. Kiwe na urefu usiopungua sentimeta 18 hata 20, na upana wa sentimeta 5 au zaidi, maana kinoo kifupi hukifanya kisu kuyumba.

Kabla hujatoa fedha, fanya majaribio matatu. Kwanza, simamisha vinoo viwili uso kwa uso, ukavitazame kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, kimojawapo si sawa, nawe chukua kingine. Pili, kining'inize kinoo kati ya vidole viwili, ukigonge kwa kucha. Kikilia kwa sauti safi, ni kizima, lakini kikilia kama chungu chenye ufa, kiache. Tatu, pitisha kidole juu ya uso wote, upate kujua kama kuna donge au shimo. Mwenye duka mwema hatakasirika. Akikasirika, nenda kwa mwingine.

MAJI AU MAFUTA?

Kinoo hutaka kuloweshwa, ili takataka za chuma ziondoke zisizibe chembe. Chagua kimoja, maji au mafuta, wala usibadili, maana kinoo kilichokunywa mafuta hakipokei maji vema tena. Kwa nyumba twasifu maji, kwani hayana gharama wala hayaachi harufu katika chakula. Atakaye mafuta atumie yale mepesi, kama mafuta ya cherehani. Asitie mafuta ya kupikia kamwe: hayo hugandamana na kukiziba kinoo, hata kikateleza kama sahani.

Tena maji yana faida kubwa kuliko hizo. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulijulikana kwa visu vyake, na katika karne ya 19 wanoaji wake walifanya kazi wameyainamia magurudumu ya jiwe la mchanga. Wale walionoa pakavu walivuta vumbi la jiwe siku zote, wakashikwa na ugonjwa wa mapafu, na wengi wakafa wangali vijana. Ugonjwa huo siku hizi huitwa silikosisi, wala hauna dawa ya kuuponya. Sisi twanoa kidogo tu, si kama wao. Hata hivyo mtu anayechonga au kusawazisha jiwe la mchanga alilopata mtoni, na alitie maji, wala asimweke mtoto karibu na vumbi lake.

HABARI YA MNOAJI WA CHEREHE

Mijini hupita watu wenye cherehe juu ya baiskeli, wakinoa visu kwa malipo. Wako mafundi wema miongoni mwao, nasi hatutaki kuwaondolea riziki. Lakini gurudumu lizungukalo upesi na pakavu hupasha chuma moto. Ukiona makali yamegeuka rangi kuwa ya samawati, jua ya kuwa yamepata moto wa karibu digrii 300, na ule ugumu aliokitia mhunzi umetoka mahali pale. Kisu hicho kitapokea makali leo na kuyapoteza kesho. Kwa hiyo mwombe fundi achovye kisu majini mara kwa mara, na asikaze sana.

Tena yafaa tukumbuke yaliyowapata Waisraeli siku za Sauli, kama yaandikwavyo katika 1 Samweli 13:19-21. Hapakuwa na mhunzi kwao, nao iliwapasa kushuka kwa adui zao Wafilisti kila walipotaka kunoa majembe na mashoka. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitia neno "tupa" mahali pamoja katika habari ile, kwa sababu wafasiri hawakujua maana ya neno la Kiebrania lililokuwapo, yaani "pimu". Baadaye wachimbuzi wa mambo ya kale walipata katika nchi ile mawe madogo ya mizani yaliyoandikwa neno hilohilo, yenye uzito wa karibu gramu 8. Ndipo ikajulikana ya kuwa pimu ni kipimo cha fedha, nacho ndicho kilichokuwa malipo ya kunolewa. Mtu asiye na kinoo hulipa pimu yake daima.

KUNOA NA KUTUNZA

Lowesha kinoo, ukiweke juu ya kitambaa chenye maji kisiteleze. Laza kisu juu yake, kisha uinue mgongo wake kadiri ya theluthi moja ya upana wa bapa. Kisu chenye upana wa sentimeta 3, mgongo wake uinuliwe sentimeta 1, nayo ni pembe ya digrii 20 hivi. Kwa panga inua zaidi, karibu ya nusu, maana makali membamba hayastahimili mti. Kisukume kisu bila haraka, wala pembe isibadilike, toka mwanzo wa bapa hata ncha. Ukiona upande wa pili chuma chembamba kinachokwaruza kidole, geuza kisu ufanye vile vile. Kisha geuza kinoo, ulainishe kwa mikono myepesi. Mwisho osha kisu, ukikaushe.

Sasa twafika kwenye neno ambalo wengi hawalijui. Kinoo nacho hulika. Kwa kuwa sote twasugua katikati, katikati hubonyea kama mgongo wa punda mzee. Kinoo kilichobonyea hakiwezi kunyoosha kisu: kila kisu kipitacho juu yake huviringika makali, hata kama mnoaji ni fundi. Ndivyo ilivyo, kinoo kimoja kilichopotoka huharibu visu vya nyumba nzima, nasi twavilaumu visu.

Dawa yake ni nyepesi. Chukua penseli, uchore mistari juu ya uso wote wa kinoo. Tandaza karatasi ya msasa juu ya kioo au juu ya kitu kilichonyooka kabisa, tia maji, ukasugue kinoo juu yake. Mistari ya pembeni itafutika kwanza, na ile ya katikati itabaki, ikikuonyesha shimo lilipo. Endelea mpaka mstari wa mwisho ufutike. Nyumba inoayo kila juma ifanye hivi mara chache katika mwaka, na itatosha.

Waalimu wenzetu, mtatuwia radhi tukisema neno moja na ninyi kabla ya kumaliza. Tulipochora ile mistari kwa mara ya kwanza, tulistaajabu jinsi kinoo chetu kilivyokuwa kimebonyea, nasi tulikuwa tumekitazama kila siku tukakiona sawa. Tukajiuliza habari ya kazi yetu. Wako watoto tuliowaita wagumu, na watu wazima katika darasa la ubatizo tuliosema hawasikii, nasi hatukuwaza hata siku moja kujipima wenyewe. Mwalimu asemaye maneno yale yale mwaka baada ya mwaka hubonyea pale pale palipozoea. Hatuna budi kuwa na kitu kilichonyooka cha kujisugulia, nacho ni Neno la Mungu, na sala, na shauri la wenzetu, hata kama kusuguliwa kwauma.

Wazee husema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sisi twaongeza: na mwenye kinoo ndiye mwenye kisu kikali. Basi enyi wazazi, mwezi huu mtafute kinoo chema, mkiweke mahali pake, mbali na mikono ya watoto wadogo, na wale wakubwa, wa kiume na wa kike, mwafundishe kukitumia. Mama wa nyumba yetu angali na alama katika mkono wake wa kushoto. Siku hizi kila Jumamosi, kabla hajaenda jikoni, yeye ndiye anayekitia kinoo majini, naye akiona kimebonyea hutuletea penseli.